Mutara wa Rwanda: Mfalme Aliyetoa Ng'ombe Akabakiza Malisho

Kila mwaka, sikukuu ya Kristu Mfalme ilipokaribia, padri mzee aliyetufundisha katika seminari ndogo alikuwa akitusimulia habari za Mutara, mfalme wa Rwanda. Alitueleza jinsi mfalme yule, mtu mrefu kupita mita mbili, alivyopiga magoti mbele ya watu wake huko Nyanza, tarehe 27 Oktoba 1946, akaiweka nchi yake yote chini ya Kristu Mfalme. Sisi watoto tulisikiliza vinywa wazi. Tulipotoka nje tukaambiana: kama machefu wetu wote wangekuwa kama huyu, kazi ya mapadri ingekwisha kwa mwaka mmoja.

Leo mimi ni katekista. Siku moja, katika kapela ya kijiji kimoja cha mlimani, niliwasimulia wakatekumeni wangu habari ile ile, kwa maneno yale yale ya padri mzee. Nilipomaliza, kijana mmoja mvuvi akainua mkono, akauliza: «Mwalimu, kama nchi ile ilikwisha kupewa Kristu, mbona watu wake waliuana hata ndani ya makanisa?» Sikuwa na jibu. Nikamwambia tutaendelea juma lijalo, nikafunga kitabu. Makala haya ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa.

Kwanza niseme jambo moja kwa uwazi. Najua kwamba kwetu Fizi na Baraka, jina la Rwanda likitajwa, mioyo ya wengi hupata moto. Tumezika watu, tumekimbia makwetu, wengine tumevuka ziwa na watoto mgongoni kwenda Kigoma. Lakini Mkristu hana mizani mbili, moja ya jirani na moja ya nyumbani. Mutara hakutukosea sisi neno lo lote. Nataka tumpime kama tungependa wazee wetu wapimwe: pasipo kumpaka matope, na pasipo kumpaka mafuta.

Kijana wa miaka ishirini

Jina lake la utoto ni Rudahigwa. Alizaliwa mwezi wa Machi 1911. Baba yake ni mfalme Yuhi Musinga, aliyeshika Kalinga, ngoma ya ufalme wa Rwanda, tangu mwaka 1896. Musinga alikuwa mtu wa mapokeo. Ubatizo hakuutaka, na Wabelgiji hakupatana nao. Basi tarehe 12 Novemba 1931 serikali ya Wabelgiji ikamwondoa katika kiti chake. Siku nne baadaye mwanawe akatangazwa kuwa mfalme, jina lake Mutara wa Tatu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini.

Msomaji atazame vema jinsi alivyopata ufalme huo. Kwa desturi ya Rwanda, mfalme mpya alitangazwa na Abiru, wazee walinzi wa siri za ufalme, baada ya mfalme wa zamani kufa. Safari hii mfalme wa zamani alikuwa hai, tena mwenye nguvu zake, na aliyemtangaza mpya alikuwa gavana Mbelgiji, bwana Voisin. Musinga alipelekwa Kamembe, karibu na Ziwa Kivu. Mwaka 1940 akahamishwa tena, akaletwa mpaka Moba, kwenye ziwa letu hili la Tanganyika, akafa huko mwaka 1944. Watu wetu wanaoshuka kwa mashua kwenda Kalemie na Moba kuuza samaki wanapita juu ya maji yale yale aliyoyatazama mzee yule mpaka mwisho wa siku zake.

Fikiri basi, msomaji. Mwana anatawala nyumbani, baba anazeeka ugenini, na fimbo iliyomfukuza baba ingali mikononi mwa wale wale waliomweka mwana. Mtu anayetaka kumhukumu Mutara asiisahau fimbo hiyo. Kila alipotaka kusema «hapana» aliiona imesimama ukutani.

Hata hivyo hakuwa mwanasesere wa kuchezewa. Alikuwa amesoma katika shule ya Nyanza iliyowekwa kwa ajili ya wana wa machefu, na kabla ya kutawazwa alikwisha kuwa chefu wa Marangara, karibu na misioni ya Kabgayi. Alipenda elimu kwa moyo wa kweli. Aliunda mfuko uliochukua jina lake, wa kuwasaidia vijana kuendelea na masomo, na mwaka 1956 pakafunguliwa huko Nyanza koleji ya Kristu Mfalme. Aliona mapema kwamba nchi isiyo na watu waliosoma itaongozwa na wengine siku zote. Katika hili hakukosea.

Mfalme mbele, watu nyuma

Sasa tuingie katika jambo linalotuhusu sisi watu wa Kanisa. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliwaagiza wamisionari wake wawatafute wakuu wa nchi. Aliona kwamba mkuu akiingia, watu wataingia nyuma yake. Shauri hilo lilikuwa na akili yake. Katika nchi ambazo mkuu aliweza kumwua Mkristu asiulizwe na mtu, ilikuwa lazima kutafuta kibali chake.

Huko Rwanda Askofu Classe aliishika njia hiyo kwa nguvu zote. Mwaka 1930 aliionya serikali kwamba kuwaondoa Watutsi katika uchefu kungekuwa kosa kubwa. Serikali ikasikia. Machefu Wahutu waliokuwa wamebaki hapa na pale wakaondolewa, na shule kubwa ya Astrida, iliyofundisha makarani na wakuu wa kesho, ikajaa hasa wana wa Watutsi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 serikali ikaandika kabila la kila mtu katika kitambulisho chake. Kilichokuwa zamani kama maji, mtu akipata ng'ombe wengi aliweza kupanda na akifilisika aliweza kushuka, sasa kiligeuka jiwe.

Ndipo watu wakaanza kumiminika misioni. Machefu kwanza, watu wao nyuma. Wamisionari wenyewe walisema ni tufani ya Roho Mtakatifu. Sikatai kwamba Roho alifanya kazi. Yeye huvuma apendapo. Lakini katekista ye yote mwenye macho angeweza kuuliza: kati ya hawa mia waliosimama mlangoni leo, wangapi wamemfuata Kristu, na wangapi wanamfuata chefu?

Hapa lazima nimsifu Mutara. Yeye mwenyewe hakupita mlango kwa haraka. Tangu atawazwe mpaka abatizwe alingoja miaka kumi na miwili, machefu wake wengi wakimtangulia. Shida ilikuwa ya ndoa. Mwaka 1933 alimwoa Nyiramakomali, hawakupata mtoto, wakaachana. Mwaka 1942 alifunga ndoa na Rosalie Gicanda, mwanamke Mkristu. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Oktoba 1943, Askofu Classe alimbatiza pamoja na mama yake. Msimamizi wake alikuwa Pierre Ryckmans, Gavana Mkuu wa Kongo yote ya Wabelgiji. Mfalme akapewa majina ya Charles Léon Pierre. Pierre ni jina la Gavana Mkuu, na Léon ni jina la Askofu. Hata ndani ya majina yake ya ubatizo wamekaa serikali na misioni, mmoja huku na mmoja huku.

Mwaka ule ule, ngoma za sherehe zilipokuwa zikilia, njaa kubwa iliyoitwa Ruzagayura ilikuwa ikianza. Iliendelea mpaka mwisho wa mwaka 1944, ikaua watu maelfu kwa maelfu, na wengi wakaihama nchi. Sisemi kwamba ubatizo wa mfalme na njaa ni kitu kimoja. Nasema kwamba habari ya ubatizo tuliisikia seminari kila mwaka, na habari ya njaa sikuisikia hata siku moja. Tulisimuliwa mfalme, hatukusimuliwa watu.

Ng'ombe na malisho

Tendo kubwa la Mutara, tendo ambalo peke yake lingetosha kumfanya akumbukwe, ni kuondoa ubuhake. Nieleze neno hili kwa wasiolijua. Mtu mdogo aliyetaka ng'ombe alimwendea mkubwa, akajiweka chini yake. Mkubwa aliitwa shebuja, mdogo aliitwa mugaragu. Mugaragu alipewa ng'ombe wa kuchunga na kunywa maziwa yake. Naye alimtumikia shebuja wake, akamlimia, akamjengea ua, akamsindikiza safarini. Shebuja naye alimlinda mbele ya wakubwa wengine. Lakini ng'ombe hakuwa wake. Siku shebuja alipokasirika, aliweza kumchukua pamoja na ndama wote waliozaliwa, na mtu akabaki na kamba tupu mkononi.

Tarehe 1 Aprili 1954 Mutara alitoa amri ya kuukomesha ubuhake. Shebuja na mugaragu wagawane ng'ombe, kila mtu awe na wake, utumishi uishe. Tukumbuke ni nani walioumizwa na amri hiyo: ni jamaa zake mwenyewe, wakuu wa baraza lake, watu waliomzunguka asubuhi na jioni. Ni rahisi mfalme kuwanyang'anya maadui. Kuwanyang'anya wale wanaokula mezani pako ni kazi nyingine. Kwa hiyo nasema bila kusita: hapa Mutara alikuwa jasiri.

Lakini ng'ombe hali amri. Ng'ombe anakula majani. Na majani, yale malisho yaliyoitwa ibikingi, yalibaki mikononi mwa wakubwa. Mfalme hakuyagusa. Mtu akarudi kwake na ng'ombe wake wawili au watatu, anaimba. Kulipokucha akatazama kilima, akaona kilima ni cha shebuja. Afanye nini? Akarudi kule kule alikotoka, akapiga magoti pale pale, si kwa kuomba ng'ombe sasa, bali kwa kuomba majani.

Sisi watu wa ziwa tunalielewa jambo hili upesi. Ukimpa mtu mtumbwi na wavu, kisha ukamwambia kwamba maji ni yako, umempa nini? Jioni atakuja kwako kuomba ruhusa ya kuvua, na asubuhi atakuletea fungu la ndagala. Tena utumwa wa namna hii una uchungu kuliko ule wa kwanza, kwa sababu mtu amekwisha kuambiwa kwamba yu huru.

Huu ndio upungufu mkubwa ninaouona katika utawala wa Mutara, na kwa maoni yangu mengine yote yanatoka humo. Alikuwa mtengenezaji mwenye nia njema. Alibadili kila kitu kilichoweza kubadilishwa kwa amri ya mfalme. Kile kilichohitaji kukaa chini pamoja na mkulima na kumwuliza «wewe unaumia wapi?» hakukifikia.

Neno lililofutwa

Tarehe 24 Machi 1957 watu tisa wa Kihutu waliosoma walitoa andiko la malalamiko yao. Mmoja wao ni Grégoire Kayibanda, aliyepata kusoma seminari, tena mhariri wa Kinyamateka, gazeti la misioni lililoanzishwa mwaka 1933. Walilalamika kwamba kabila moja limeshika uchefu, shule na mali. Walitaka hata neno la kabila lisiondolewe katika vitambulisho, wakiogopa kwamba likifutwa, udhalimu hautaweza kuhesabiwa tena.

Mwaka 1958 jambo hili lilifika mbele ya baraza kuu la nchi. Halmashauri ya watu wa pande mbili ilikuwa imekaa kulichungua. Mwisho wa maneno yote, Mutara aliamua kwamba hakuna shida kati ya Wahutu na Watutsi, na kwamba majina hayo yaondolewe katika karatasi za serikali.

Tusimcheke. Naona alikuwa na sababu. Aliona majina yale yanageuka panga. Aliona Wabelgiji, ambao kwa miaka mingi waliutukuza upande mmoja, sasa wanaanza kuugeukia upande wa pili, kwa kuwa upande wa kwanza umeanza kudai uhuru. Alitaka wote waitwe Wanyarwanda tu. Shauri la kuwa na watu wamoja si shauri baya. Sisi Wakongo tungekuwa nalo kwa wingi, tungelia kidogo.

Lakini wahenga walisema: mficha maradhi kifo humfichua. Kufuta neno katika karatasi si kuponya donda mwilini. Wale waliokuja mbele yake hawakumwomba awape jina. Walimwonyesha mahali panapouma. Mfalme aliyeweza kuwatikisa wakuu wake mwaka 1954 angaliweza kuwatikisa mara ya pili kwa habari ya malisho, ya shule na ya viti vya uchefu. Hakufanya. Ufa alionyeshwa, akasema ukuta ni mzima.

Na Kanisa je? Tarehe 11 Februari 1959 Askofu Perraudin wa Kabgayi alitoa barua ya Kwaresima juu ya mapendo na haki, akasema waziwazi kwamba mali na madaraka vimekaa zaidi upande mmoja. Maneno ya haki ni ya Injili siku zote. Lakini kwa miaka thelathini Kanisa lile lile lilikuwa limewalea wana wa upande mmoja na kuwaambia kwamba wamezaliwa kutawala. Mganga akikupa sumu asubuhi na dawa jioni, utamshukuru kwa dawa, lakini hutaisahau asubuhi. Wengine waliisoma barua ile kama Injili, wengine waliisoma kama tangazo la vita. Askofu mwenyewe hakuandika vita. Ila shamba lilikuwa limekwisha kupandwa.

Kifo cha Usumbura

Tarehe 25 Julai 1959 Mutara alikufa ghafula huko Usumbura, mji tunaouita leo Bujumbura. Alikuwa na miaka arobaini na minane, hakuacha mtoto. Alikuwa amekwenda kwa daktari Mbelgiji. Habari rasmi ilisema damu ilimwagika kichwani. Mwili haukupasuliwa kuchunguzwa, na mara ikasemwa kwamba ameuawa kwa sindano. Hata hapa Baraka nimewasikia wazee wakisimulia habari ya sindano kana kwamba walikuwa wamesimama chumbani.

Sitasema ya sindano. Nasema tu juu yetu sisi tunaoipenda hadithi hiyo. Hadithi ya sindano ni nyepesi kuibeba. Kuna mfalme mwema na kuna mwuaji, kwisha. Haituulizi habari ya malisho. Haituulizi habari ya njaa ya mwaka 1943, wala ya shule ya Astrida, wala ya wale watu tisa na andiko lao. Ndiyo maana inasimuliwa kila mahali. Mtu akisema «walimwua, ndipo mambo yakaharibika,» amejisamehe mwenyewe na jamaa zake wote.

Tarehe 28 Julai walimzika Mwima, karibu na Nyanza. Hapo hapo kaburini ndugu yake Ndahindurwa, kijana wa miaka ishirini na mitatu, akatangazwa kuwa mfalme Kigeli wa Tano, pasipo kuwauliza Wabelgiji. Mwezi wa Novemba mwaka ule moto ukawaka: watu wakauawa, nyumba zikachomwa, wakimbizi wakavuka kuingia Kongo, Burundi, Uganda na Tanganyika. Tarehe 28 Januari 1961 jamhuri ikatangazwa Gitarama. Kwa kura ya tarehe 25 Septemba 1961 ufalme ukafutwa. Na tarehe 1 Julai 1962 nchi ikapata uhuru. Ufalme wa karne nyingi ulimalizika miaka miwili tu baada ya mazishi ya Mwima.

Mjane wake, Rosalie Gicanda, alibaki akiishi Butare, ndiyo Astrida ya zamani. Katika mwezi wa Aprili 1994, akiwa mwanamke mzee, alitolewa nyumbani mwake akauawa. Mwezi ule ule watu waliuawa ndani ya makanisa: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye, Nyange. Walikimbilia humo kwa sababu walifikiri hakuna Mkristu atakayewafuata humo. Wabatizwa waliuawa na wabatizwa. Mwaka 2017 Baba Mtakatifu Fransisko aliomba msamaha kwa Mungu kwa ajili ya dhambi za Kanisa na za watu wake katika mambo hayo.

Mfalme mwingine, kisiwani

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya Rwanda peke yake. Kwenye kisiwa cha Madagaska, mwaka 1861, alitawazwa Radama wa Pili, aliyezaliwa mwaka 1829. Mama yake, malkia Ranavalona, alikuwa amewatesa Wakristu na kuwafungia wageni mlango. Radama alifungua mlango wote kwa siku moja. Aliwafungua Wakristu waliofungwa, akawakaribisha wamisionari Wakatoliki na Waprotestanti pia, akaondoa hukumu ya kunywesha watu sumu ya tangena, akafuta ushuru wa forodha. Tena alimpa Mfaransa mmoja, Lambert, hati yenye haki kubwa mno juu ya ardhi na madini. Wakuu wakakasirika, watu vijijini wakashikwa na wasiwasi. Mwezi wa Mei 1863, kabla hajatimiza miaka miwili katika kiti, alinyongwa na watu wa jumba lake.

Radama alikimbia mno, Mutara alikwenda pole kwa miaka ishirini na minane. Tabia zao ni mbali. Lakini wote wawili walidhani kwamba mfalme akikwisha kubadilika moyoni, nchi imebadilika. Wote wawili waliongea sana na wakubwa na wageni, wakaongea kidogo na watu wa mashamba. Katika mlima unaweza kuwasha moto juu kileleni, ukaonekana mbali sana; chini bondeni watu wakaendelea kulala baridi.

Kwetu pwani

Sasa nirudi nyumbani. Kwenye pwani hii hii ya ziwa letu, mwaka 1883, Mapadri Weupe walijenga misioni ya Kibanga. Miaka miwili kabla yake wenzao watatu walikuwa wameuawa ng'ambo ya pili, Rumonge. Kibanga ilidumu miaka kumi. Waliwakusanya hasa watoto na watu waliokombolewa katika biashara ya watumwa. Mwaka 1893 iliachwa, Wakristu wengi wakahamishiwa Kirungu, juu ya Moba. Kanisa la kwanza la pwani yetu lilianza na watu wasio na bwana, watu ambao jana walikuwa wakiuzwa. Mara nyingi tunaisahau habari hiyo, tukatamani habari za wafalme.

Nami nilizitamani. Miaka michache iliyopita, katika kijiji kimoja ninachokihudumia, chefu wa kijiji alianza kuja kwenye mafundisho. Nilifurahi kama mtu aliyenasa samaki mkubwa. Nilimwekea kiti chake mbele, wengine wakikaa juu ya mbao. Kwa mwezi mmoja watu zaidi ya arobaini wakaandika majina yao. Niliandika taarifa kwa padri kwa herufi kubwa. Kisha yakazuka maneno juu ya shamba: chefu alitaka kipande cha mjane mmoja, na mjane akaleta mashitaka mbele ya shirika letu. Watu walinitazama niseme. Mimi nikanyamaza, nikiogopa kumpoteza chefu na wale arobaini. Chefu alikwenda zake hata hivyo, kwa sababu nyingine, na wale arobaini wakamfuata. Walibaki saba. Mmoja wao ni yule mjane.

Nilimwuliza kwa nini amebaki, hali sikumtetea. Akanijibu: «Mwalimu, sikuja kwa ajili ya chefu. Sikuja kwa ajili yako pia.» Neno hilo nimelibeba mpaka leo. Shamba lake lilirudishwa baadaye na wazee, bila msaada wangu.

Kwa hiyo simhukumu Mutara kama mtu aliye juu ya mlima. Mimi pia nilimpa mkubwa kiti, nikawapa watu mbao. Tofauti ni kwamba kiti changu ni kidogo, na kosa langu liliumiza watu wachache.

Nini basi tujifunze? Si kwamba wakuu wasibatizwe. Mkuu ni mtu, ana roho ya kuokolewa kama mvuvi. Akija kwenye mafundisho, tumpokee kwa heshima, tumketishe juu ya ubao ule ule. Akitaka ubatizo, tumwulize kama tunavyowauliza wengine: una shamba la nani? nani analia kwa sababu yako? Zakayo hakungoja kuulizwa. Alisimama mwenyewe akataja hesabu. Tena anapotoa kitu kizuri kwa watu, tumshukuru, kisha tumwulize kwa adabu: na malisho je?

Na wewe, ndugu mvuvi, uliyeuliza swali lako nami nikafunga kitabu, jibu langu ni hili. Nchi ile ilipewa Kristu na mtu mmoja aliyepiga magoti kwa moyo mwema. Magoti yake yalikuwa ya kweli. Lakini hakuna mtu awezaye kupiga magoti kwa niaba ya jirani yake. Jirani alikuwa bado amesimama, na njaa yake, na hasira yake, na kilima kisicho chake. Wala sisi wahubiri hatukushuka kumwuliza. Ukibatizwa Pasaka ijayo, hutabatizwa kwa sababu mfalme fulani alibatizwa, wala kwa sababu mimi nimekufundisha. Utaitwa kwa jina lako, nawe utaitika kwa sauti yako mwenyewe. Juma lijalo njoo mapema. Nitaweka mbao zote sawa, na swali la kwanza litakuwa lako.